Mtihani wa Kiingereza kwa wanaoomba chuo nje ya nchi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila msimu wa maombi ya vyuo maswali huwa yaleyale, na wanaouliza huwa na haraka ileile. Wengi huanza na "mtihani upi ni rahisi?" Mimi huwarudisha nyuma hatua moja: fungua ukurasa wa udahili wa chuo unachokitaka, tafuta sehemu inayohusu waombaji wa kimataifa, usome wanachodai neno kwa neno. Mtihani wa kufanya, alama za kufikisha, tarehe ya kujisajili na hata namna ya kujiandaa vyote vinatoka huko. Anayeanza na mtihani ndipo atafute chuo hulipa ada mara mbili.

Nimesoma kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Kwa nini nidaiwe mtihani?

Swali hili lina uchungu ndani yake, na anayeliuliza ana haki. Chuo kinapokea vyeti kutoka mifumo mingi ya elimu, hakiwezi kuijua yote kwa undani, kwa hiyo kinatafuta kipimo kimoja cha watu wote. Hiyo ndiyo sababu. Lakini kabla hujatoa hata senti, uliza kama unastahili kusamehewa, kwa maana msamaha upo mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Vyuo vingi humsamehe aliyesoma miaka kadhaa mfululizo katika shule inayofundisha kwa Kiingereza, au aliyekwisha kupata shahada iliyofundishwa kwa lugha hiyo. Baadhi hukubali alama nzuri ya Kiingereza katika mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Vingine hutumia orodha ya nchi. Serikali ya Uingereza, kwa mfano, inayo orodha ya nchi ambazo raia wake hawadaiwi uthibitisho wa Kiingereza kwa ajili ya viza: Jamaica, Barbados, Trinidad na Tobago, Malta na New Zealand zimo. Hakuna nchi hata moja ya Afrika iliyomo, hata zile ambazo bunge, mahakama na shule zake zinaendeshwa kwa Kiingereza. Naona si haki, lakini ndiyo kanuni iliyopo, na ni heri uijue mapema.

Unapoomba msamaha, andika barua pepe fupi kwa ofisi ya udahili: jina lako, namba ya maombi, programu unayoomba, shule ulizosoma na lugha ya kufundishia. Ambatanisha barua ya mkuu wa shule au msajili, yenye sahihi na muhuri, inayosema wazi kwamba masomo yote yalifundishwa kwa Kiingereza na ni kuanzia mwaka gani hadi mwaka gani. Malizia kwa swali moja linalojibika kwa ndiyo au hapana. Jibu likija, lihifadhi. Neno la kwenye simu halitakusaidia siku mfumo wao ukikuandikia kwamba maombi hayajakamilika.

Mitihani inayokubalika ni ipi?

Minne hutajwa zaidi, na mmoja wa kale husahaulika.

IELTS unaendeshwa kwa pamoja na British Council, IDP na Cambridge. Una matoleo mawili makuu: Academic, ambao ndio vyuo hutaka, na General Training, unaotumika zaidi kwa uhamiaji na kazi. Ukijisajili kwa toleo lisilo lako, alama zako hazitakusaidia chuoni hata zikiwa za juu, kwa hiyo soma kitufe kabla ya kukibofya. Alama zake huitwa bendi, kuanzia 0 hadi 9, zikipanda kwa nusu nusu. Sehemu ya kuzungumza unaifanya mbele ya mtahini, mtu kwa mtu.

TOEFL ni wa shirika la Marekani liitwalo ETS, na ulianza kutolewa mwaka 1964. Toleo la intaneti, TOEFL iBT, lilikuja mwaka 2005. Hapa unazungumza na kompyuta. Hakuna mtu mbele yako. Mtihani huu umebadilika sana hivi karibuni, na nimeuwekea swali lake chini.

PTE Academic ni wa kampuni ya Pearson, tangu 2009. Unafanyika kituoni kwa kompyuta, huchukua takriban saa 2, na alama zake ni 10 hadi 90. Kompyuta ndiyo inayosahihisha kwa kiasi kikubwa, ndiyo maana matokeo hutoka haraka, mara nyingi ndani ya siku 2.

Duolingo English Test unafanyika nyumbani kwa muda wa takriban saa moja, na alama zake ni 10 hadi 160. Maswali hubadilika kufuatana na unavyojibu: ukipatia yanakuwa magumu, ukikosea yanalegea.

Wa tano ni familia ya mitihani ya Cambridge, hasa C1 Advanced na C2 Proficiency. Huu wa mwisho ulianza mwaka 1913 ukiwa na watahiniwa 3 tu, ulichukua saa 12, na wote 3 walianguka. Siku hizi ni mfupi zaidi, na cheti chake hakina tarehe ya kuisha.

Nimemaliza masomo mengi kwenye programu ya Duolingo. Je, hayo ni alama?

Hapana. Programu ya kujifunzia lugha na Duolingo English Test ni vitu viwili tofauti vya kampuni moja. Chuo kinapokea matokeo ya mtihani tu.

Basi upi ni rahisi?

Hakuna ulio rahisi kwa kila mtu. Kuna unaokufaa wewe. Kwanza ondoa ile ambayo chuo chako hakiikubali. Ukiomba vyuo vitano, tafuta mtihani unaokubaliwa na vyote vitano, hata kama si uupendao. Ikibaki miwili au mitatu, jipime hivi.

Kama unazungumza vizuri zaidi ukiona uso wa mtu, akitikisa kichwa na kukufuata, IELTS utakufaa. Kama kutazamwa kunakufunga ulimi, ni heri uzungumze na kipaza sauti. Hapo TOEFL, PTE au Duolingo inakupa nafasi, ingawa kituoni utakuwa unasikia watahiniwa wengine wakizungumza pembeni yako, na wapo wanaobabaika kwa hilo. Kama unaandika taratibu kwa kompyuta, usidharau tatizo hilo: insha nzuri iliyobaki kichwani haina alama. Kama una mazoea ya kuruka swali gumu na kulirudia baadaye, fahamu kwamba Duolingo hauruhusu kurudi nyuma, wala kuandika chochote pembeni, ilhali katika sehemu ya kusoma ya IELTS unaweza kuzunguka ndani ya dakika zako 60 utakavyo.

Kisha fanya mtihani mmoja wa mazoezi wa kila aina iliyobaki, kwa saa, bila kusimama. Wenye mitihani wote wanatoa mazoezi ya bure kwenye tovuti zao. Ukimaliza utakuwa na jibu lililo bora kuliko ushauri wa mtu yeyote, pamoja na wangu.

Ninahitaji alama ngapi?

Zile zilizoandikwa na programu yako, si zilizoandikwa na chuo kwa ujumla. Chuo kimoja kinaweza kudai 6.5 ya IELTS kwa waombaji wote, halafu kitivo chake cha sheria kikadai 7.0 au 7.5, na uuguzi ukaweka kiwango chake kwa kila sehemu. Soma kurasa mbili: ya chuo na ya kitivo. Zikitofautiana, shika iliyo juu, kisha uwaandikie kuuliza.

Kinachowakwamisha wengi ni maneno madogo yanayofuata namba: "na isiwe chini ya 6.0 katika sehemu yoyote." Tufanye hesabu. Mwombaji amepata 7.0 katika kusikiliza, 6.5 kusoma, 5.5 kuandika na 6.5 kuzungumza. Jumla ni 25.5. Gawanya kwa 4 upate 6.375. IELTS husogeza wastani kwenye nusu iliyo karibu, kwa hiyo cheti kitasoma 6.5. Anafurahi, anatuma, anakataliwa. Wastani umetimia, lakini ile 5.5 ya kuandika iko chini ya 6.0. Hata angepata 9.0 katika kusikiliza, mlango ungebaki umefungwa.

Hesabu hiyohiyo ina upande wa pili wenye faida. Wastani unaoishia na .25 hupandishwa hadi nusu inayofuata, na unaoishia na .75 hupandishwa hadi namba kamili. Kwa hiyo nusu bendi moja katika sehemu unayoiweza inaweza kukuvusha kwenye wastani. Kwa sehemu uliyo dhaifu, lengo ni kufika kwenye kile kiwango cha chini kwanza.

B2 na C1 zinazotajwa kwenye kurasa za vyuo ni nini?

Ni ngazi za mfumo wa Baraza la Ulaya uliochapishwa mwaka 2001: A1, A2, B1, B2, C1 na C2, kutoka anayeanza hadi aliyebobea. Shahada ya kwanza kwa kawaida hudai B2 au C1. Mitihani yote niliyoitaja hulinganisha alama zake na ngazi hizi.

Nina alama za mtihani mmoja, chuo kinataka mwingine. Naweza kuzibadilisha?

Kwa ajili ya kujipima, ndiyo. Kwa ajili ya kutuma, hapana. Katika majedwali ya kulinganisha ambayo vyuo vimeyatumia kwa miaka mingi, 6.5 ya IELTS inakaa kati ya 79 na 93 ya TOEFL ya zamani (kipimo cha 0 hadi 120), na 7.0 inakaa kati ya 94 na 101. Lakini chuo kina haki ya kuweka ulinganisho wake, na vingi hufanya hivyo. Jedwali la chuo chako ndilo la kufuata.

Nimesikia TOEFL imebadilika. Kuna nini?

Imebadilika mara mbili katika muda mfupi. Mwezi Julai 2023 ilifupishwa ikawa chini ya saa 2. Kisha kuanzia tarehe 21 Januari 2026 ikaja sura mpya kabisa: sehemu za kusoma na kusikiliza hubadilika kufuatana na kiwango chako, kazi za kuandika na kuzungumza ni tofauti na za zamani, na alama hutolewa kwa kipimo cha 1 hadi 6, kikipanda kwa nusu. Kwa kipindi cha mpito cha miaka 2 matokeo huonyesha pia alama ya jumla inayolingana na kipimo cha zamani cha 0 hadi 120.

Hapa kuna mambo mawili ya kuangalia. Kurasa nyingi za vyuo bado zinasema "80" au "100". Usishtuke ukipata cheti chenye 4.5, tafuta kwenye matokeo ile alama linganifu. La pili, tupa vitabu vya mazoezi vya kabla ya mabadiliko, au walau usivitegemee kwa kuandika na kuzungumza. Nimeona watu wakijifunza kwa bidii kazi ambazo hazipo tena kwenye mtihani. Sasa kuna kupanga maneno yawe sentensi, kuandika barua pepe, kuchangia mjadala wa darasani kwa maandishi, kurudia kwa sauti unachosikia, na kujibu maswali ya mahojiano.

Nifanyie nyumbani au kituoni?

Kama chuo na viza vinakubali yote mawili, jibu liko chumbani mwako. Mtihani wa nyumbani unadai upweke kamili: mlango umefungwa, meza tupu, kamera inakutazama muda wote, hakuna sauti ya mtu mwingine. Mtu akiingia hata kuchukua chaja, mtihani unaweza kufutwa. Kukodoa macho pembeni ya kioo mara kwa mara, au kusoma swali kwa sauti wakati hukuambiwa uzungumze, kunaweza kutiliwa shaka.

Umeme na intaneti ni jambo lingine. Wenye mitihani hii wana vifaa vya kupima kompyuta yako kabla ya siku. Vitumie kwenye kompyuta ileile, chumba kilekile na saa ileile utakayofanyia mtihani, kwa sababu mtandao unaokwenda kasi alfajiri unaweza kusuasua jioni. Ukiona huna uhakika, nenda kituoni. Utulivu wa akili ni sehemu ya alama.

Viza nayo inataka mtihani?

Inategemea unakokwenda, na hapa watu huchanganya mambo mawili: matakwa ya chuo na matakwa ya serikali.

Marekani haidai mtihani wa Kiingereza kwa viza ya mwanafunzi ya F-1. Chuo ndicho kinachoamua, na fomu ya I-20 unayopewa hueleza walivyoridhika na Kiingereza chako. Hata hivyo utahojiwa ubalozini, na ni vigumu kueleza mipango ya masomo ya Kiingereza kupitia mkalimani.

Uingereza ina orodha maalumu ya mitihani salama kwa viza. Kuna IELTS for UKVI (UKVI ni idara ya viza na uhamiaji ya Uingereza), ambao ni mtihani uleule wa IELTS lakini katika kituo chenye ulinzi wa ziada. TOEFL haimo kwenye orodha hiyo tangu kashfa ya udanganyifu katika vituo vya mtihani iliyofichuliwa na BBC mwaka 2014. Lakini kuna nafuu kwa wanaokwenda kusoma shahada: chuo chenye rekodi nzuri kinaruhusiwa kukupima chenyewe kwa kiwango cha B2, kwa hiyo kinaweza kupokea mtihani usiokuwa kwenye orodha. Anayekwenda kozi ya chini ya shahada hana nafuu hiyo. Basi usijisajili kabla chuo hakijakujibu kwa maandishi ni mtihani upi kinaupokea kwa ngazi yako.

Australia ilipandisha kiwango cha viza ya mwanafunzi mwezi Machi 2024, kutoka 5.5 ya IELTS hadi 6.0, na haipokei mitihani iliyofanyiwa nyumbani kwa ajili ya viza. Chuo kinaweza kukukubali na mtihani wa nyumbani, kisha viza ikakudai mwingine.

Nijiandae kwa muda gani?

Anza kwa kurudi nyuma kutoka siku ya mwisho ya maombi. Toa wiki mbili za matokeo kutoka na kufika chuoni. Toa mwezi mmoja au zaidi kwa ajili ya kurudia ikihitajika. Tarehe unayobaki nayo ndiyo tarehe ya mwisho ya kufanya mtihani wa kwanza, na vituo hujaa kadiri msimu wa maombi unavyokaribia.

Muda wa maandalizi wenyewe unategemea umbali kati ya alama ya mtihani wako wa mazoezi na alama unayodaiwa. Nusu bendi inaweza kupatikana kwa wiki chache za kuuzoea mtihani. Bendi nzima ni kazi ya miezi, kwa sababu hapo unapandisha Kiingereza chenyewe. Anayekuahidi bendi mbili kwa wiki mbili anakudanganya, hata kama darasa lake limejaa.

Kuandika ndiko kunakoniangusha. Nifanye nini?

Wewe na wengi. Katika IELTS una dakika 60 kwa kazi mbili: ya kwanza, maneno yasiyopungua 150 ya kueleza mchoro, jedwali au ramani, ya pili, insha ya maneno yasiyopungua 250. Insha ina uzito mara mbili ya kazi ya kwanza, lakini watu hutumia nusu saa kwenye mchoro, kisha insha wakaikimbilia. Mchoro upe dakika 20, ukiisha muda huo uuache.

Wasahihishaji wanaangalia mambo manne kwa uzito sawa: kama umejibu swali, mtiririko, msamiati na sarufi. Wanafunzi wengi hufanyia kazi mawili ya mwisho na kuyasahau mawili ya kwanza.

Hebu tutazame mwanzo mmoja wa insha. Swali linauliza kama serikali ilipie makumbusho, au walipe wanaoingia. Mtahiniwa anaandika kwamba katika ulimwengu wa leo suala la makumbusho limekuwa gumzo kubwa, na lina pande mbili zenye faida na hasara nyingi. Sentensi nzima imepita, hatujui anasimama wapi. Ondoa neno "makumbusho", weka "simu za mkononi", na sentensi inabaki vilevile. Hiyo ndiyo dalili ya maneno ya kukariri, na msahihishaji anaijua.

Mwenzake anaandika kwamba makumbusho yanahifadhi vitu vya watu wote, wakiwemo wasioweza kulipa kiingilio, kwa hiyo serikali ndiyo ibebe gharama, isipokuwa kwa maonyesho ya muda. Msimamo upo, sababu ipo, na mpaka wa hoja upo. Kiingereza cha kusema hivyo si kigumu. Mwanafunzi wa kiwango cha kati anakiweza. Amepata alama kwa kufikiri kabla ya kuandika.

Kwa hiyo mazoezi yangu huwa haya: chukua maswali kumi, usiandike insha hata moja. Kwa kila swali andika sentensi mbili tu, msimamo na sababu. Ukishaweza hilo kwa dakika 3, ndipo uanze kuandika insha kamili. Na uwe na mtu wa kukusomea anayejua Kiingereza vizuri, akuambie ni wapi hakukuelewa. Makosa ya sarufi utayaona mwenyewe taratibu; pale usipoeleweka huwezi kupaona bila msomaji.

Lafudhi yangu itanipunguzia alama?

Lafudhi haisahihishwi, kinachosahihishwa ni kueleweka. Huhitaji kuongea kama mtu wa London wala Chicago, na wanaojilazimisha huishia kumeza maneno. Tamka miisho ya maneno, hasa ile inayoonyesha wingi na wakati uliopita, kwa sababu ikipotea mtahini anahesabu kosa la sarufi ambalo hukulifanya.

Mazungumzo ya IELTS huchukua dakika 11 hadi 14. Katika sehemu ya pili unapewa kadi yenye mada, dakika 1 ya kujiandaa, kisha unazungumza kwa dakika 1 hadi 2. Hizo dakika 2 ni ndefu kuliko unavyodhani. Jirekodi kwa simu ukizungumzia mada moja kila siku, kisha ujisikilize. Inaumiza masikio mwanzoni, lakini hakuna mwalimu atakayekuonyesha haraka zaidi kwamba unarudia neno lilelile kila unapokwama. Usiposikia swali, omba urudiwe; hakuna dhambi.

Na kusikiliza na kusoma?

Hapa ujanja ni mdogo. Katika IELTS kila sehemu ina maswali 40, na kwa kawaida majibu sahihi 23 ni kama bendi 6, 30 ni kama 7, na 35 ni kama 8. Kosa halipunguzi alama, kwa hiyo usiache nafasi wazi. Ukiambiwa usizidishe maneno mawili, ukaandika matatu, ni sufuri hata kama jibu limo ndani yake. Tahajia nayo inahesabika. Sauti hupigwa mara moja tu. Jibu likikupita, liache liende, maana wengi hupoteza matatu wakililia moja.

Alama hazikutosha. Nimeharibikiwa?

Hapana. Kwanza tazama ni sehemu ipi. IELTS ya kompyuta ina utaratibu wa kurudia sehemu moja tu, ndani ya siku 60 tangu mtihani wa awali, pale kituo kinapoutoa. Yule mwombaji wetu wa 5.5 angerudia kuandika peke yake. Uliza kwanza kama chuo chako kinaupokea, kwa sababu si vyote vinavyopokea. TOEFL nayo huonyesha alama zako bora za kila sehemu kutoka mitihani ya miaka 2 iliyopita. Hapo pia chuo ndicho kinachoamua kama kitazitumia.

Unaweza kuomba usahihishaji upya. IELTS hukupa wiki 6 tangu siku ya mtihani, na alama ikipanda unarudishiwa ada. Ninaushauri pale tu sehemu ya kuandika au kuzungumza imekuja chini sana kuliko nyingine bila sababu unayoijua. Kusoma na kusikiliza hakubadiliki mara nyingi, kwa kuwa jibu ni sahihi au si sahihi.

Njia nyingine ni udahili wa masharti. Vyuo vingi vina kozi ya Kiingereza ya kabla ya masomo. Unakubaliwa, unaisoma kwanza, kisha unaingia kwenye shahada. Huongeza gharama na muda, lakini wapo wanafunzi wazuri sana walioingia kwa mlango huo.

Matokeo hudumu muda gani?

Miaka 2 kwa TOEFL, PTE na Duolingo, na ndiyo vyuo huhesabu kwa IELTS pia. Angalia kama chuo kinahesabu hadi siku ya kutuma maombi au hadi siku ya kuanza masomo.

Nina ulemavu wa kuona, kusikia au tatizo la kusoma. Kuna msaada?

Upo: muda wa ziada, maandishi makubwa, nukta nundu na mengineyo, kutegemea mtihani. Lakini lazima uombe mapema kwa hati za daktari, na kibali kitoke kabla ya kupanga tarehe. Usijisajili kwanza ukitumaini kuelezana nao siku yenyewe.

Kuna mtu ananiuzia cheti bila mtihani, au maswali ya kesho.

Usimtumie pesa wala picha ya pasipoti yako. Vyuo huhakiki matokeo moja kwa moja kwenye mifumo ya wenye mtihani, kwa hiyo karatasi yake haifiki popote. Ukigundulika, unaweza kupoteza nafasi, viza, na hata haki ya kufanya mtihani tena. Na yeye atabaki na pasipoti yako.

Nimefanya SAT. Bado nahitaji huu?

Mara nyingi ndiyo. SAT, mtihani wa kujiunga na vyuo vya Marekani, hupima utayari wa masomo, huu hupima lugha. Vipo vyuo vinavyomsamehe mwenye alama ya juu ya kusoma na kuandika katika SAT. Kama ni hivyo, imeandikwa kwenye ukurasa wao.

Majina yangu yamepishana kwenye vyeti. Nijisajili na lipi?

La kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, kwa mpangilio uleule. Kisha jaza jina hilohilo kwenye fomu ya chuo. Kama cheti cha shule kina jina tofauti, ambatanisha kiapo cha majina kwenye maombi ya chuo. Usijaribu kulitatua kwenye usajili wa mtihani. Pasipoti inayoisha muda kabla ya siku ya mtihani ihuishe kwanza, kwa sababu usajili umefungamana na namba yake.

Matokeo yametoka na yametosha. Nayatumaje?

Vyuo vingi hudai yatoke kwa mwenye mtihani moja kwa moja. TOEFL inakuruhusu kuchagua vyuo 4 bila malipo kabla ya mtihani, kwa kutumia namba maalumu ya kila chuo. IELTS hutuma hadi 5 bila malipo. Duolingo haikutozi kutuma. Hakikisha umechagua ofisi ya udahili ya ngazi yako, kwa sababu chuo kimoja kinaweza kuwa na namba moja ya shahada ya kwanza na nyingine ya uzamili.

Baada ya siku chache ingia kwenye akaunti yako ya maombi uone kama alama zimeunganishwa na faili lako. Zikikosekana, waandikie ofisi ukitaja jina la kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, namba ya maombi, tarehe ya mtihani na namba ya matokeo. Kwa hizo tano wataweza kuyatafuta hata kama yaliingia chini ya jina lililokosewa.